Kamera Inayopiga Yenyewe

Baba Sinan wangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na Sinan ameota jino la pili, ananing'ata kidole huku anacheka.

Kamera yako nimeinunua leo madukani Ruwi. Nilimwambia muuzaji, "Mume wangu anasoma Austria, anateleza thelujini na kutembelea miji. Nataka ndogo ya mfukoni, isiyoogopa maji wala baridi, na vitufe avibonyeze na glavu." Akanitolea tatu. Ya mwisho akasema, "Hii, dada, iweke juu ya jiwe, itahesabu na kupiga yenyewe. Hapana haja ya mtu." Nikachukua hiyo.

Atakuletea Marhoon, binamu yako, akirudi chuoni kwake huko. Ile Ijumaa uliyotuma picha ya mlimani, ukaandika kakupiga Marhoon, yeye alikuwa hapa kwao Al Khoudh, kaja kumshtukiza mama yake, tunakula mkate wa kumimina. Nikamwonyesha simu. Akasema, "Shemeji, mie mlima huo siujui." Kisha akanirudishia simu, na mama yake akanimiminia chai juu ya chai.

Sijamwambia mtu neno, Talal. Nna imani nawe bado, ila usingizi sina. Nakuomba picha moja tu. Iweke kamera juu ya jiwe, usimame wewe na huyo aliyekupiga ile picha, nimwone uso. Akiwa mtu wa kheri hatakataa kusimama, nami nitamsalimia kwa jina lake. Akikataa, usipige. Rudi uniambie mwenyewe.

Mkeo akupendaye,
Kheiria