Mtoto Mpole wa Endabash

Jumatatu, 2 Juni

Wodini saa moja asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka madirishani, baridi ya kukata vidole. Kina mama saba, watoto saba. Sita wanapiga kelele. Wa saba kimya. Nikafunua blanketi, nikamkuna unyayo mpaka akalia. Mama yake kanitazama kama ameona mchawi.

Ndiyo tabia yangu sasa. Wenzangu wananitania, wananiita Mama Amka. Nacheka nao. Hawajui kitu. Au wanajua na wananificha.

Mchana kikao cha kwanza cha kamati. Tunaandika mwongozo wa huduma ya unyonyeshaji, wa hospitali yetu na zahanati zinazotuletea wagonjwa. Tuko watatu: Daktari Kessy anayeongoza, mimi wa wodi ya wazazi, na Naserian, muuguzi wa zahanati kule juu Ngorongoro, kwenye maboma ya Wamaasai. Sikuomba kuwemo. Daktari alisema, "Sista Restituta una miaka kumi na tisa wodini, nimchukue nani mwingine?" Nikakosa pa kutokea.

Jumatano, 4 Juni

Daktari Kessy anataka kila mstari uwe na sababu, imeandikwa pembeni yake. Umetoka wapi, una ushahidi gani, utamfaa nani. Anasema mwongozo usio na sababu ni amri tu. Nampenda kwa hilo. Namwogopa kwa hilo hilo.

Naserian katuchekesha. Rasimu ilikuwa na mchoro wa mama kwenye kiti chenye mgongo, mto mapajani. "Daktari, kiti hicho bomani nakitoa wapi? Mama ananyonyesha amekaa juu ya ngozi." Kiti kikafutwa.

Mstari wa tisa: mama akiruhusiwa, arudi siku ya tatu mtoto apimwe uzito. Ulipita kwa dakika moja. Na mimi niliitikia kwa kichwa.

Mimi! Mwiraqw, mzaliwa wa kijiji cha Daa. Najua kabisa kwetu, kwa wanaoshika mila, mzazi hatoki ndani hivi hivi. Anakaa wiki kadhaa, anapikiwa uji, mgeni haingii ovyo. Siku ya tatu akitoka atamwambia nini mama mkwe? Nimezaa watatu na mimi mwenyewe sikutoka. Lakini nikishavaa sare nasahau kwetu. Miaka yote hii naandika "arudi siku ya tatu" kwenye kadi, na asiporudi namwita mzembe.

Ijumaa, 6 Juni

Nimejaribu kuliandika hili mara nyingi. Leo naliandika.

Mwaka jana, masika. Veronika wa Endabash, uzazi wake wa kwanza, mtoto wa kiume. Uzazi ulikwenda salama. Kesho yake wodi imefurika, vitanda hakuna, nagawa ruhusa kama karanga. Nikamwuliza, "Ananyonya?" Akasema ananyonya. Nikaweka tiki. Sikusimama kutazama. Mtoto alikuwa na mdomo kwenye titi na macho yamefumba, na mimi nikapita nikasema, "Una bahati, mwanangu, mtoto mpole huyu." Nikaandika arudi siku ya tatu.

Hakurudi. Siku ya sita mama mkwe wake alimleta mtoto kwa bodaboda, amefungwa ndani ya shuka. Wa njano. Utosi umebonyea. Ngozi ukiivuta inabaki hapo hapo. Alikuwa hanyonyi, alikuwa analala na njaa. Hakumaliza mchana.

Kwenye kikao cha mapitio ya kifo, fomu iliuliza chanzo. Nikajaza mimi: mama alichelewa kumleta mtoto. Nikatia saini. Tiki yangu hakuna aliyeiuliza.

Jumatatu, 9 Juni

Leo wodini watoto wote wamelia. Siku nzuri. Saa nane nimejifungia stoo ya mashuka, nikalia na mimi. Sijui kwa nini.

Najua kwa nini.

Jumatano, 11 Juni

Kamati imekaa tena leo.

Tulikuwa tunajaza sababu. Tukafika mstari wa tisa. Daktari Kessy kafungua faili, kasema ana ushahidi wa hapa hapa kwetu, si wa kwenye vitabu. Akasoma: mtoto wa Endabash, mwaka jana, mama alichelewa kumleta. Akapendekeza pembeni iandikwe, "Kina mama wa eneo hili huchelewa." Halafu tuongeze kwamba asiyerudi siku ya tatu aitwe na kuonywa.

Uongo wangu umekuwa ushahidi. Utachapwa, utabandikwa ukutani katika kila zahanati kuanzia Karatu hadi Loliondo, na msichana atakayeruhusiwa na mtoto anayelala na njaa ataonywa kwa kosa la muuguzi.

Naserian peke yake ndiye aliyesema, "Huyo mama mlimwuliza?" Daktari akasema fomu iko wazi. Naserian akanigeukia mimi, si Daktari. Nikainama, nikajifanya natafuta kalamu.

Ninajichukia.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Endabash. Nimevaa kitenge, sare nimeiacha nyumbani.

Mama mkwe wa Veronika alinipokea uani, anapepeta maharage. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Alinijua. Veronika alitoka. Mjamzito, miezi saba hivi. Sikujua. Nilitaka ardhi inimeze.

Akasema baada ya msiba watu walimkwepa, kama ilivyo kwetu mama akifiwa na mtoto mchanga. Hilo alilitegemea. Ambalo hakulitegemea ni maneno ya hospitali. Mume wake aliambiwa pale pale koridoni kwamba mkewe amechelewa, na mpaka leo wakigombana kwa jambo lolote, hata chumvi kuzidi, anamrudishia hilo. Akasema, "Sista, uliniambia ni mpole. Ndiyo maana nilimwacha alale." Halafu, bila hasira: "Huyu nitamzalia hapa hapa. Kwenu siji tena."

Mama mkwe aliendelea kupepeta. Mimi nikaaga. Sikusema nililoliendea. Njia nzima najitukana kwa Kiiraqw, dereva wa bodaboda akadhani nasali.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesema.

Sikungoja mstari wa tisa. Tulipokaa tu nikasema fomu ya Endabash ni ya uongo na mwongo ni mimi. Nikaeleza tiki, nikaeleza "mpole", nikaeleza saini. Nikaeleza na mila, kwamba niliandika tarehe nikijua fika hatarudi. Sauti ilikuwa yangu lakini niliisikia kwa mbali.

Daktari Kessy akavua miwani. Nilidhani atanifokea. Akasema tu, "Utaandika maelezo, Sista. Na nitayapeleka kwa mganga mkuu, siwezi kuyaficha." Nikasema ndiyo. Halafu akasema, "Sasa kaa, tuandike huu mstari vizuri." Nikakaa.

Mstari wa tisa umekuwa mistari mitatu. Muuguzi asiulize tu: atazame mtoto akinyonya toka mwanzo hadi mwisho, asikie anameza, ndipo aweke tiki. Siku ya tatu mama asiitwe: mhudumu wa afya wa kijiji aende nyumbani na mzani. Wa tatu ni wa Naserian. Bomani mhudumu anaweza kuchukua siku mbili kufika, kwa hiyo bibi wa mtoto afundishwe wodini kabla ya kuondoka: ahesabu nguo alizokojolea mtoto, ajue kama anashiba, na mtoto anayelala mno asisifiwe, aamshwe. "Bibi ndiye mwenye mlango," alisema Naserian. Hata kwetu ni hivyo hivyo: nani aingie, nani atoke, anaamua yeye.

Pembeni, kwenye sababu, Daktari akaandika: muuguzi hakutazama.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeondolewa wodini mpaka shauri langu liishe. Nimepewa dirisha la kadi. Wenzangu wamegawanyika. Wengine wananiita msaliti, kwamba sasa kila kifo watachunguzwa wao. Mmoja alikuja kwa siri, akaniambia na yeye ana mtoto wake kama huyo. Hakusema jina wala mwaka. Aliondoka haraka.

Nilidhani nikishasema nitapumua. Bado. Kaunta kuna kelele kutwa nzima, na mimi katikati ya kelele namtafuta aliyenyamaza.

Mganga mkuu amekubali fomu irekebishwe. Amenipa nakala nimpelekee Veronika mimi mwenyewe.

Jumamosi, 5 Julai

Endabash tena. Veronika alitaka nisome mbele ya mume na mama mkwe. Nikasoma kwa Kiswahili, halafu kwa Kiiraqw. Mama hakuchelewa. Muuguzi hakutazama mtoto akinyonya, akaandika uongo. Mama mkwe akaniomba nirudie. Nikarudia. Mume alitazama chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu, kisha akaenda kwa ng'ombe.

Hakuna aliyenisamehe. Sikuomba.

Veronika alichukua karatasi, akaitazama. Anasoma vizuri, amefika darasa la saba. Akaniuliza kwa nini imeandikwa "mtoto wa Veronika". Nikamwambia ndivyo tunavyoandika asiye na jina.

Mama mkwe akasema alikuwa nalo. Siku ile walipokuwa wanamleta, alimsimamisha dereva wa bodaboda kwenye kijito, akachota maji kwa kiganja, akambatiza yeye mwenyewe, maana aliona mtoto anakwisha. Kule hospitali hakuna aliyewauliza jina.

"Danieli," akasema Veronika.

Hakusema atakuja kujifungulia wapi. Akanipa kalamu ya mwanafunzi wa jirani, na kiti nipate pa kuegemeza karatasi. Nikapiga magoti uani, nikaandika jina.