Asilimia Tisa Ndani ya Lifti

Kariakoo, Jumatano

Dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Natumaini goti limepoa na shemeji amemaliza kupulizia mikorosho bila kifua kumsumbua kama mwaka jana. Mimi ni mzima. Nimeliandika neno hilo nikakaa kulitazama, maana juzi mchana sikuwa na hakika kama nitaliandika tena. Usishangae kupata barua badala ya kupigiwa. Simu yangu iko mezani inachaji, na nimeapa kutoigusa mpaka ijae. Barua utaipokea kwa kondakta wa basi, pamoja na kile kitenge cha bluu ulichoagiza.

Jumatatu nilitoka nyumbani simu imejaa kabisa. Ilipofika saa nane mchana ilikuwa imebaki asilimia kumi, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa nagombana kwenye kundi letu la watu wa Newala. Kuna bwana mmoja alidai kwamba vijana wa siku hizi hawasomi kwa sababu ni wavivu. Ningenyamaza vipi? Mtoto anamaliza shule hajawahi kushika kitabu kisicho cha mtihani, halafu mtu mzima aliyeshiba anamwita mvivu! Nikamtumia ujumbe wa sauti wa dakika sita, akanijibu, nikamtumia mwingine mrefu zaidi. Nilimshinda, dada. Kila mtu aliona nilimshinda.

Stoo ya vitenge ninayoitunza iko ghorofa ya saba, kwenye jengo moja upande wa Msimbazi. Niliingia kwenye lifti na Mama Neema, Mchaga mwenye duka la sufuria pale chini, ambaye naye ana stoo huko juu. Tulikuwa wawili tu, yeye na mfuko wake wa duka, mimi na simu yangu. Tukapanda kidogo, umeme ukakatika, lifti ikasimama.

Giza la mle ndani, dada, wewe peke yako unaweza kulielewa. Unalikumbuka ghala la korosho la Mjomba Chande, nilimofungiwa nikiwa mtoto. Hapa mjini wananiita Mzee wa Hoja, na hakuna anayejua kwamba mtu huyo wa miaka hamsini na mbili bado analala na taa. Nikawasha tochi ya simu haraka. Nikabonyeza kengele, haikulia. Mahali palipopaswa kuwa na namba ya fundi palibaki gundi tu. Mwenye jengo amepata vioo vya kung'aa mbele mpaka juu, lakini waya wa kengele umemshinda! Tukapiga kelele, tukagonga mlango mpaka viganja vikawaka. Lakini umeme ukikatika Kariakoo kila duka huwasha jenereta lake, na kwa ngurumo ile hata ungechinjwa hakuna ambaye angekusikia.

"Zima hiyo tochi," Mama Neema akasema.

"Nikizima tutaona nini?"

"Kwani humu kuna nini cha kuona? Uso wako? Una asilimia ngapi?"

"Tisa."

"Tisa! Mtu mzima unatembea na tisa?"

"Na wewe simu yako iko wapi?"

"Dukani, kwa wifi yangu. Na dawa yangu ya pumu iko hukohuko."

Hapo ndipo nilipokisikia kifua chake. Kilikuwa kimeanza kupiga mluzi mwembamba, kila pumzi inavutwa kwa kazi.

"Tochi inakula betri," akasema. "Na humu mtandao haufiki, kwa hiyo simu inahangaika kuutafuta, nako huko inajimaliza. Bonyeza kile kindege cha kukata mtandao, itulie. Punguza mwanga mpaka mwisho. Funga na hayo makundi yako yote."

"Haya umeyajulia wapi?"

"Umeme unakatika kila siku na biashara yangu yote iko kwenye simu, nisijue? Wewe na vitabu vyako vyote, hiki hukukisoma?"

Nikazima tochi.

Sitakuandikia yote yaliyonipata baada ya hapo. Jasho lilitoka mpaka kwenye viatu. Nilihisi kuta zinasogea, nikanusa maganda ya korosho, naapa niliyanusa. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo cha simu, na mara mbili nilikaribia kuiwasha ile tochi, kwa sekunde moja tu, nione mlango uko wapi. Kilichonizuia ni ule mluzi. Ile tisa haikuwa yangu tena, ilikuwa pumzi za yule mama.

Nilitaka kupiga, akakataa, akasema kupiga kunakula zaidi, tutume meseji. Kwa nani? Namba ya mlinzi sijawahi kuiomba. Yeye pumzi za kutaja namba hakuwa nazo tena, akanisukumia mfuko wake. Namba ya duka ilikuwa imechapishwa pale, nikaisoma kwa mwanga mfifu wa kioo. Kisha nikaanza kuandika: Habari za mchana, samahani kwa usumbufu, sisi tulionaswa ndani ya lifti ya jengo hili kutokana na uzembe wa mwenye nyumba...

Akaninyang'anya simu. "Unaandika gazeti!" Akafuta yote, akaandika: Tumenasa lifti. Leta dawa.

Tukawa tunaondoa kindege, nainua mkono mpaka kwenye upenyo wa mlango, tunahesabu hadi ishirini, tunarudisha. Mara ya kwanza ikagoma. Mara ya pili ikagoma, ikabaki asilimia mbili. Mara ya tatu nikaona kidoti kimoja cha mtandao, alama ya kutuma ikazunguka, ikazunguka, na simu ikazimika mkononi mwangu. Sikujua kama imekwenda.

Mama Neema aliteleza akakaa chini. Hakuweza kusema tena. Mimi ambaye maisha yangu yote nimewabana watu walete ushahidi, nilichuchumaa gizani nikamshika bega nikasema, "Nipo hapa. Wifi yako anakuja. Yuko kwenye ngazi sasa hivi." Nikarudia, sijui mara ngapi.

Mwishowe tukasikia sauti ya mwanamke: "Mama Neema! Mko ghorofa ya ngapi?" Nikapiga mlango kwa mateke. Chuma kikapenyezwa, mwanga ukaingia kama uzi, na kabla ya kitu kingine chochote ukaingia mkono wa yule wifi umeshika dawa.

Sasa napanda kwa ngazi, ghorofa zote saba. Jana Mama Neema aliniita dukani kwake. "Ile meseji, ulijua imekwenda?"

"Sikujua."

"Mbona ulisema kama unamwona kabisa?"

Nikamwambia nilifundishwa na dada yangu.

Nisalimie shemeji na cherehani yake, mama mdogo wa Kitangari, na mwalimu mstaafu, jirani yetu, mwambie deni langu la ubishi liko palepale. Na niandikie namba yako kwenye karatasi, kwa mkono wako, maana mle ndani niliitafuta kichwani sikuipata, na hilo liliniogopesha karibu sawa na giza.

Jingine ni hili, na nataka jibu la kweli. Siku ile uliyokaa nje ya mlango wa ghala, ukaniambia mpaka jua linakaribia kuzama, "Nipo hapa, mjomba anakuja na ufunguo," ulikuwa unajua kwamba anakuja?

Mdogo wako,
Saidi