Mbao za Anko Wanyonyi

Kaptembwa,
Nakuru.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa kaka Makokha,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Joto la Doha linakuachia usingizi? Na mgongo je, ulipona? Mimi mwili uko sawa, Mungu ni mwema. Naandika kwa sababu kwa simu ningelia tu hadi bando iishe. Quincy anarudi kazini huko wiki hii, atakufikishia.

Ujue nimetolewa kwenye grupu ya familia. Usishtuke, ni maneno ya mbao.

Anko Wanyonyi alipewa kazi ya kujenga roshani ya kanisa letu, ya kwaya ya kina mama. Kanisa likataka mbao zipimwe kwanza, zikaletwa maabara kwetu kazini, kwa mashine yangu. Ubao unalazwa juu ya vyuma viwili vya mviringo, kimoja kila upande, halafu kingine kinashuka katikati kuukandamiza polepole mpaka uvunjike. Lazima upime nafasi ya vile vya chini, maana ukivisongeza karibu, hata ubao mbovu utaonekana shujaa.

Anko anaijua hiyo. Alinivuta kando akasema, "Eucabeth mama, songeza hivyo vyuma kidogo tu. Ni mimi nakuomba." Makokha, huyo ndiye alitulea baba alipofariki! Lakini niliviacha mahali pake. Ubao ukalia kwaa, mzigo haujafika hata nusu ya unaotakiwa. Mwenzangu Hemali akapima mwingine, mambo yakawa yale yale. Zilikuwa mbichi, Anko aliharakisha.

Kazi akanyang'anywa. Sasa mchawi ni mimi.

Mama hapokei simu yangu. Jumapili iliyopita walikula kuku kwake wote, mimi nikaambiwa na jirani. Leo nimepika ugali wa mtu mmoja na bado umebaki. Kazini angalau Hemali hunigawia chapati zake. Wikendi ndiyo naogopa, kaka, nyumba inanyamaza mpaka nawasha redio nisiyoisikiliza.

Uchungu wa Anko naujua, na nitaenda kumpa pole hata akinifungia mlango. Lakini vyuma nisingevisongeza.

Msalimie wifi Sue na mtoto ukiongea nao. Kwa kawaida hapa ningeandika kwamba wote nyumbani wanakusalimu. Safari hii anayekusalimu ni Hemali tu.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe mama anakupokea, mpigie. Usimweleze mambo ya mashine, atakata simu. Mwulize tu, kwaya yao ikipanda kwenye hiyo roshani, yeye angesimama wapi. Ni miguu yake niliyokuwa naiona juu ya ule ubao.

Mungu akufunike ugenini, akurudishe mzima.

Dadako akupendaye,
Eucabeth