Niligeuka Kutafuta Kapu

Mama Gaudensia, mke wangu,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi, halafu unijibu kimoja kimoja bila kuruka: mgongo wako unaendeleaje, mpunga wa mbugani umeshika, na mama bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima. Vidole tu ndivyo vinanisumbua, vinapasuka kwa ubaridi, na ndiyo maana mwandiko wangu unayumba kama umetoka kilabuni.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Anakuja nayo yule sista wa jimboni kwetu aliyekuwa akisoma huku Kanada, na nimemwomba akukabidhi mkononi. Kwenye simu tunazungumzia mvua, tunazungumzia mbolea, kisha mtandao unakatika na kila mtu anabaki na lake moyoni. Siku ile nilipokuambia kwamba mzee mwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi anataka niongeze miaka mitatu mingine, ulisema, "Fanya tu unavyoona." Ukaniuliza kama nimekula. Lile neno la kufanya ninavyoona nimelala nalo na kuamka nalo, hii ni wiki ya tatu. Sijui ulikasirika, sijui ulichoka, au umeshazoea kutokuwepo kwangu, na hilo la mwisho ndilo linaniogopesha. Kibali changu kinaisha mwishoni mwa mwezi wa tatu, na karatasi ya kuongeza muda ilikuwa mezani ikisubiri sahihi yangu. Kwa hiyo acha nikusimulie taratibu, ujue nimefikia wapi.

Nyumba hii iko kando ya mto. Wageni wanatoka mbali, wanalala hapa na kula hapa kwa ajili ya samaki mmoja tu, anaitwa stilihedi. Huzaliwa mtoni, akipata nguvu anashuka baharini, anakaa huko miaka akinenepa, kisha anaupanda tena mto uleule aliozaliwa. Usianze kucheka. Najua utasema hata samaki ana akili za kukumbuka kwao.

Asubuhi mto unafuka. Maji yana ubaridi wa kukata mfupa lakini hewa ni baridi zaidi, basi mvuke unapanda juu yake mweupe, polepole, na miti ya ng'ambo inapotea mpaka kiunoni. Nikitazama muda mrefu mambo yanachanganyika. Ule mvuke unakuwa moshi wa jikoni kwetu, theluji ya ukingoni inakuwa mpunga uliokomaa, na naiona mbuga ya Usevya yote hadi kule milimani. Wewe uko katikati umeinama, mgongo umenigeuzia. Nakuita, hugeuki. Halafu bata anaruka majini, na Usevya inaondoka. Nimekuwa mtu wa kuota nimesimama, mke wangu, na sufuria la watu mkononi.

Mwenye nyumba anaitwa Mzee Harodi. Ana sauti ya kugombana hata akikusalimia, lakini moyo wake ni mpole. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa wa kuosha vyombo na kupasua kuni tu. Siku moja aliniona namtazama akifunga ndoano, akanisukumia uzi, boya na vipande vya risasi vya kuzamishia chambo, vidogo kama punje za mtama, akasema nitege aone. Nikatega kama tunavyotega kwenye mto wetu wa Kavuu. Risasi zote nikazirundika karibu na ndoano, chambo kikalale topeni, kambare akikute kitandani kwake. Mzee akaishika ile kazi yangu, akaigeuza huku na huku.

"Didas, unavua samaki au unatia nanga?"

Akazitoa zote. Akazibana upya kwenye uzi moja moja, kubwa juu karibu na boya, ndogo zikishuka kuelekea ndoano, zimeachana kama vifungo vya shati. Maana samaki huyu halali topeni. Anakaa kiasi cha futi moja juu ya mawe na kutazama mto unamletea nini. Sasa maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, hilo sikuwahi kulifikiria katika maisha yangu yote ya Kavuu. Ukifunga vibaya, boya linakikokota chambo, kinapita mbio kuliko maji yanayokizunguka, na samaki anajua kwamba huo ni uongo. Risasi zikipangwa sawasawa, chambo kinatangulia kidogo na boya linafuata, vyote kwa mwendo wa maji ya chini. Boya likilala kuelekea mto unakoshuka, ujue risasi zinaburuza mawe, pandisha chambo kidogo. Likisimama wima na kutembea pole, usiguse kitu.

Hapa kama Sista bado amekaa, soma kimoyomoyo. Chambo chao ni minyoo ya mpira ya rangi ya waridi, ni mayai ya samaki yaliyofungwa kwenye kitambaa chepesi cha wavu, na ni shanga. Shanga kabisa, Mama Gaudensia! Za duara, za rangi ya chungwa na za rangi ya maziwa, mfano wa yai la samaki. Mzee alipofungua lile kopo na kuniambia, kwa uso mkavu, kwamba dume likiziona haliwezi kujizuia, nilicheka mpaka nikakaa chini. Akauliza kuna nini. Nikamwambia ni baridi. Ningemweleza vipi? Ushanga unavishwa juu ya ndoano, umbali wa vidole viwili, unabanwa kwa kijiti usiteleze. Siku hizi mimi ndiye ninayezifunga zote, nimekaa dirishani, na mawazo yangu wakati huo nitakueleza uso kwa uso.

Sikufichi kitu: kazi hii nimeipenda. Magoti ya Mzee yamekwisha, hawezi tena kusimama majini na wageni. Akaniambia, "Mikono yako inafunga kuliko yangu. Baki miaka mitatu, wageni wa mtoni wawe wako." Tangu nifike huku, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunihitaji kwa jambo ninaloliweza, siyo kwa sababu nilikuwa karibu na sinki. Nilitembea siku hiyo kifua mbele. Ndipo nikakupigia simu.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumanne. Mzee alisema kabla ya kutia sahihi ni lazima nimtoe mmoja mwenyewe, kwa kuwa huwezi kumwongoza mgeni kwenye kitu ambacho hujakigusa. Tukashuka mtoni asubuhi, yeye na fimbo yake, mimi na mabuti ya mpira yanayofika kifuani. Huku hakuna mamba wala kiboko. Dubu yupo, lakini wakati huu amelala. Nikapanga risasi zangu, nikavisha ushanga wa maziwa, nikatupa. Boya likasimama wima na kuanza safari. Mto ulikuwa kimya, mvuke unapita usoni, nami nikasahau kabisa niko wapi.

Boya likatoweka. Halikucheza kama kambare anapoonja. Lilikuwepo, halafu halipo. Nikavuta, na ule ufito wa kuvulia ukapinda mpaka nikahisi kitu kizito kinatikisa kichwa upande wa pili. Akaruka, mwili mzima hewani, fedha tupu na mstari wa waridi ubavuni. Na mimi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mama Gaude, leta kapu!"

Nikageuka nyuma.

Unajua ni kwa nini. Tangu tuoane sikuwahi kumtoa samaki Kavuu bila kugeuka. Mimi na ufito, wewe nyuma yangu na kapu la majani ya milala, jicho moja kwa kambare na jingine kwa mamba, ukinigombeza kwamba navuta haraka mno. Mwili wangu ulifanya hivyo wenyewe, haukuniuliza. Nyuma yangu palikuwa na theluji na nyayo zangu mwenyewe.

"Usigeuke! Mtazame samaki!" Mzee alikuwa anapiga kelele pembeni. Uzi ulikuwa umeshalegea. Ulilegea kitambo kidogo tu, lakini huyu samaki hahitaji zaidi ya hapo, akaitema ndoano. Boya likaibuka na kuendelea kushuka na maji.

Mzee akaniuliza nilikuwa nasema nini. Nikamwambia nilikuwa namwita mke wangu. Akasema, bila ile sauti yake ya kugombana, "Huyo yuko mbali mno, hawezi kukusikia." Nikalia, Mama Gaudensia. Nililia nimesimama majini, mtu mzima, na sikuona aibu.

Tuliporudi nikaichukua ile karatasi mezani, nikampa haina sahihi. Akasema, "Kwa samaki mmoja? Sisi sote tunawapoteza." Nikamwambia samaki hana kosa. Akakaa, akayasugua magoti yake, mwisho akasema niendelee kufunga shanga mpaka siku ya kuondoka, ili naye apate mtu mwingine wa kumfundisha. Namhurumia sana. Lakini sijabadili mawazo, na sikukupigia simu kukuuliza kwanza, kwa sababu nisingeweza kusikia tena kwamba nifanye ninavyoona.

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwezi wa nne nitashuka Mpanda na kupanda basi la Usevya. Sijui utanipokeaje. Inawezekana umeshajipanga bila mimi, una saa zako, una wenzako wa jumuiya, kitanda umeshakizoea peke yako. Una haki ya kununa na mimi nina haki ya kuogopa. Lakini afadhali ninuniwe nikiwa hapo ndani kuliko kubembelezwa kwenye simu. Kama ni kweli hunitaki tena, niambie nikiwa nimekaa mbele yako, nikuone usoni.

Nisalimie mama, umwambie asitoke nje asubuhi bila kujifunika. Mama mkwe wangu mpe heshima zangu zote, mwambie mwanawe sijamsahau hata siku moja. Kaka anayechunga mizinga yetu ya nyuki mwambie aniwekee asali ya mwaka huu. Wifi yako naye msalimie, pamoja na katekista wetu. Nyie wote nawaombea.

Mwanetu Gaudensia usimwambie mengi. Nilipoondoka alikuwa hajaota meno, na juzi nilimsikia akikuuliza pembeni ya simu, "Baba wa kwenye simu analala wapi?" Nikifika usimshike mkono kumleta anisalimie, hata akijificha nyuma ya mlango siku nzima. Mniwekee kigoda uani. Nitakaa hapo mpaka atakapokuja mwenyewe.

Mumeo,
Didas