Darubini Fupi ya Kukipiga Picha Kilimia cha Mama

Mdogo wangu Deo,

Marahaba, maana najua hata kabla ya kufungua bahasha umeshaniamkia kimoyomoyo. Huku Ujerumani mimi ni mzima, kazi ya kufua mashuka ya hoteli inaendelea na mgongo bado unanivumilia. Wasiwasi wangu uko huko nyumbani Izia. Baridi ya mwaka huu imemwachaje Mama? Wifi na watoto hawajambo? Na studio yako ya Majengo, bado inatoa zile picha za pasipoti ambazo watu wanakana kuwa ni sura zao?

Haya, mzigo. Darubini anayo yule Sista wa Namanyere anayesoma huku, anakuja likizo. Ukiifungua utanuna, nakujua. Si uliniambia kwenye simu, "Dada, kamata lile bomba kubwa, la kuvuta mpaka mashimo ya mwezi. Washikaji hapa Majengo watakoma!" Mimi nimekununulia kitu chenye urefu wa kiwiko hadi vidole. Sikukosea.

Hebu kumbuka tunainunua kwa nini. Mwaka jana majirani wote walishapanda ulezi, Mama bado anatoka uani kila baada ya chakula cha jioni, anatazama mashariki akitafuta nyota zake za kupandia, anarudi ndani anasema, "Kilimia bado." Wewe ukatoka, ukakiona kimekaa juu ya paa la jiko, nyota zake zote zimesongamana pale pale. Ulezi wetu ukachelewa, ukatoka wa kubahatisha. Na ulipomtajia daktari wa macho alikujibu nini? "Macho yangu mazima. Nyota za siku hizi ndizo zimefifia, taa zenu za mjini zimezimaliza." Naogopa, Deo. Siku nikirudi nataka Mama anione uso, si anitambue kwa sauti.

Dukani nilianza na hilo bomba lako. Muuzaji, mzee mmoja asiyecheka, akanionyesha picha iliyopigwa nalo: nyota tatu nne za Kilimia, kubwa kweli, nyingine zimebaki nje ya picha. Mama angeuliza hizi ni taa za gari la nani. Yeye Kilimia anakijua kikiwa kundi zima, na giza lake pembeni. Ndiyo maana tunataka darubini fupi, inayochukua eneo pana la anga kwa mara moja.

Hata hizo fupi hazifanani. Niliyoipenda kwanza ilikuwa na lenzi mbili mbele, nyepesi, ya kupendeza. Kuangalia picha zake, kila nyota kali imezungukwa na ukungu wa zambarau. Kilimia kina nyota kali za bluu, kwa hiyo kingejaa ukungu mtupu, na ukungu ndio Mama anaoutafuta apate kisingizio cha kumkataa daktari. Nikachukua ya lenzi tatu. Ni nzito kidogo, lakini nyota zinatoka safi. Kuna na lenzi nyingine ndogo nimeifunga kwenye kitambaa cha bluu, usije ukaitupa ukidhani ni kifuniko. Inakaa kati ya darubini na kamera yako. Bila hiyo, nyota za pembeni zinarefuka kama punje za mchele.

Niliijaribu nyuma ya nyumba ninayopanga. Anga la huku usiku lina rangi ya chai ya maziwa, sikupata cha maana, nikaishia kulionea wivu anga lenu. Ila haikutikisika. Bomba kubwa upepo wa Ufipa ungelichezesha ngoma. Hata hii, ning'iniza mfuko wa mchanga chini ya stendi, na kile kimota kinachofuata mwendo wa nyota usikiguse kikishaanza kazi.

Piga kabla mvua hazijaanza, na upige hapo hapo uani, si kwingine. Ya kwanza tumia lenzi yako ya kawaida, ipate paa la jiko na Kilimia juu yake. Kisha piga nyingi kwa darubini, uziunganishe kwenye kompyuta kama tulivyoelekezana kwenye simu. Zisafishe kubwa, kama ile ya harusi ya wazazi pale ukutani.

Nisalimie shangazi, yule muuza ulezi sokoni. Mjomba katekista mwambie asiombee macho ya Mama mbele yake, atafukuzwa. Wifi mwambie kanga yake ipo chini ya darubini.

Picha mpe Mama mchana, nje kwenye jua, ainamie mpaka aione. Usimwambie ni nini. Akitaja Kilimia mwenyewe, mwambie tu, "Nimekipiga juzi, hapa hapa uani." Halafu kaa naye. Akinyanyuka kutafuta viatu, pikipiki ya kumpeleka kwa daktari iwe imeshajazwa mafuta.

Dada yako unayemlalamikia,
Yustina