Mikono Nyuma, Mwalimu Ambele

Ijumaa, Julai.

Upepo wa Sumbawanga leo umeamka vibaya. Nimevaa sweta mbili na bado baridi inapenya, lakini moyoni nina joto tangu mchana. Nimekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, naandika huku natabasamu peke yangu. Mama amenichungulia, akaniuliza kwa Kifipa kama nimepata mchumba. Nimemwambia nimepata kitu kizuri zaidi.

Nimelipiza.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni msaidizi wa mwalimu kwenye mafunzo ya kutengeneza programu za kompyuta, hapa Katandala. Mwalimu anafundisha mbele, mimi nazunguka kati ya meza. Asubuhi nawasha mashine na kupanga nyaya, jioni nakagua mazoezi, na katikati ya hapo mwanafunzi akikwama ananyoosha mkono nami namwendea. Masharti ya kazi yangu aliyaandika ubaoni Mwalimu Ambele mwenyewe, siku ya kwanza alipotujia kutoka Mbeya. Msaidizi hagusi kibodi ya mwanafunzi. Anasimama mikono nyuma. Na hatoi jibu, anauliza: ulitegemea nini kitokee, kimetokea nini, na umebadilisha nini tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi.

Ni utaratibu mzuri, siubishii. Mtu akiyajibu maswali hayo kwa sauti, mara nyingi analiona kosa lake kabla hajamaliza kusema. Nimeona watu wazima wakijicheka wenyewe katikati ya sentensi.

Shida yangu haikuwa masharti. Shida yangu ni yeye.

Kuna siku umeme ulikuwa unachezacheza, taa zinafifia na kurudi. Kabula, mwanafunzi wetu anayetoka Laela, alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi na hakuwa amehifadhi hata mstari mmoja. Yeye alikuwa ameinama chini anatafuta kalamu. Nikanyoosha kidole, nikabonyeza kuhifadhi. Umeme ukakatika hapohapo. Kazi yake ilipona, na Ambele alikuwa ameniona.

Akasimamisha darasa. Akaniita mbele, akaniambia niweke mikono nyuma mbele ya wanafunzi wote, kama mtoto wa darasa la pili aliyechelewa namba. Halafu akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kanisani:

"Yustina, hapa wewe ni msaidizi. Kazi yako ni kuuliza, siyo kujua."

Wengine walicheka. Siwalaumu, ukumbi ulikuwa giza na watu walikuwa wamechoka. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, bodaboda zinanipigia honi na sisikii. Sentensi ile imekaa na mimi kwa muda mrefu. Nikiosha vyombo, ipo. Nikiwa kwenye misa, ipo. Nilijiapiza kwamba siku moja nitamrudishia ikiwa moto.

Sasa nieleze habari ya Kabula, maana bila yeye siku ya leo isingekuwepo. Ni binti wa wafugaji, Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, Kabula akiwa bado anabebwa mgongoni. Baba yake alimkubalia kusoma kwa sharti kwamba mafunzo yakiisha bila kazi, anarudi nyumbani, na mipango ya kumwoza inaendelea. Mafunzo yamekaribia mwisho. Kwa kuwa amepanga chumba Laela na alikuwa anakosa mabasi kila mara, alitengeneza programu ya abiria: unaandika saa uliyofika stendi, inakwambia basi linalofuata na muda uliobaki. Mama mmoja mwenye mabasi alisikia habari hiyo, akasema atakuja Ijumaa kuiona, na aliyeitengeneza atampa kazi kwenye ofisi yake ya stendi.

Aliyeitengeneza. Ambele alilisikia neno hilo vizuri kuliko sisi wote.

Jana jioni nilikuwa nakunja nyaya, yeye amekaa kwenye mashine ya mbele ameifungua kazi ya Kabula. Nikaona jina la Ambele linapanda kwenye ukurasa wa kwanza wa programu, kubwa, na chini yake maneno "kwa msaada wa wanafunzi". Nikanyamaza. Kisha akaanza kupunguza mistari. Akafika kwenye kile kipande kinachogeuza saa tunazosema midomoni kuwa saa za mashine, kwamba abiria akiandika mbili asubuhi, mashine ielewe nane. Kabula alikihangaikia kipande kile hadi alilia.

"Huyu binti amejaza takataka," akasema, kama anajisemea. "Saa ni saa."

Akafuta. Akajaribu kwa kuandika nane, kwa mtindo wa saa ya kwenye kona ya skrini, na ikamjibu sawasawa. Bila shaka. Amekaa na mashine miaka mingi hadi vidole vyake vimesahau saa za kwao. Akafunga, akaniambia nisisahau kuzima umeme ukutani.

Ningeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini kazi yangu ni kukagua kazi za wanafunzi, hakuna aliyeniagiza kukagua za mwalimu, na kazi yangu siyo kujua. Nilizima umeme ukutani nikaenda zangu, na nililala usingizi mtamu sana.

Leo mgeni alifika na koti zito na mtandio kichwani, mama mwenye sauti ya kuzoea kuita abiria. Ambele alivaa tai. Projekta ikawashwa, jina lake likatokea ukutani. Nilimtazama Kabula. Alikuwa ameketi mstari wa nyuma, akaliona jina, akainamisha kichwa, na mikono akaificha katikati ya magoti.  Kumpinga mtu mkubwa hawezi, hakulelewa hivyo.

Ambele akaeleza kwa kirefu, kisha akamkaribisha mgeni ajaribu mwenyewe. Mama akasogea, akasema yeye ni abiria wa Laela, amefika stendi saa mbili asubuhi. Akaandika mbili. Basi la Laela huondoka saa mbili na nusu, hata mbuzi wa stendi wanajua.

Ukutani pakaandikwa kwamba basi lake litaondoka baada ya saa sita na nusu.

Mama akasoma kwa sauti. Akauliza kama abiria wake wanatakiwa kuja na mikeka. Darasa likacheka, na safari hii kicheko hakikuwa juu yangu.

Ambele akaandika tena, jibu likawa lilelile. Akaizima programu akaiwasha. Nikaona jasho kwenye kola, na baridi hii yote. Ndipo akanitafuta kwa macho, akanyoosha mkono. Nasema kweli, aliunyoosha mkono kama mwanafunzi.

Nikamwendea polepole. Nikasimama pembeni ya meza. Mikono nyuma.

"Rekebisha hapa haraka," akaninong'oneza.

"Mwalimu, kazi yangu ni kuuliza, siyo kujua," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka mstari wa nyuma. "Ulitegemea nini kitokee?"

Alinitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka nikizeeka. Mgeni alikuwa anasubiri, kwa hiyo ilibidi ajibu. Akasema alitegemea nusu saa. Nikamuuliza kimetokea nini. Akasema saa sita na nusu. Nikavuta pumzi, nikauliza lile la tatu, taratibu kabisa, kwa sauti ya kanisani: amebadilisha nini tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi?

Akaanza kulegeza tai. Niliyafurahia mahangaiko yale. Sitajifanya mtu mwema hapa, nilitamani yaendelee mpaka jioni.

Mwishowe akafanya nilichojua atafanya. Akamgeukia mgeni akasema samahani, kwa kweli kazi hii siyo yake, ni ya yule binti kule nyuma, na makosa ni yake.

Mama akamuuliza jina lililo ukutani ni la nani.  Hakungoja jibu, akamwita Kabula mbele. Kabula akaja, akaketi, akaitazama ile mistari na kuona mara moja kilichokosekana. Akakiandika upya kutoka kichwani, midomo ikicheza bila sauti. Mama akaandika mbili. Nusu saa. Akaandika saa nyingine na nyingine, zote zikaja sawa. Akamwambia Kabula afike ofisini kwake stendi Jumatatu.

Ambele alipita karibu yangu akasema wiki ijayo tutaongea kuhusu nafasi yangu. Nikamjibu sawa, Mwalimu. Aongee. Darasa zima limemwona, na hapa Sumbawanga habari haihitaji bodaboda.

Ningeishia hapa kama siku ingeishia hapo.

Nilimsindikiza Kabula stendi. Nilidhani atanikumbatia. Alitembea hatua moja mbele yangu, na tulipofika akauliza kama jana nilimwona Mwalimu akifuta. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilijua leo itaharibika. Nikasema ndiyo, huku bado natabasamu.

"Dada Yustina," akasema, na akaweka mikono nyuma, sijui kwa makusudi au kwa baridi. "Ulitegemea nini kitokee?"

Nikasema nilitegemea Ambele aumbuke. Na hilo ndilo jibu la kweli. Nilipokuwa nazima umeme ukutani jana, sikumfikiria Kabula hata kidogo, wala baba yake, wala ng'ombe, wala mchumba anayesubiriwa. Kama vidole vyake vingegoma leo mbele ya mgeni, angekuwa anarudi nyumbani moja kwa moja, na mimi ningekuwa hapa hapa jikoni nasherehekea.

Hakuuliza la pili. Alipanda basi, akakaa dirisha la upande wa pili.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Jumatatu asubuhi, kabla ya darasa, nitapita stendi nimwombe Kabula msamaha, nikiwa na mikono mbele aione. Ambele yeye asubiri. Kwake sidaiwi kitu, na akitaka kuongea kuhusu nafasi yangu, maswali nimeshayaandaa.