Kisanduku Nilichokusomea Uongo

Mke wangu mpenzi,

Hujambo huko Nampula? Nakuandikia kutoka Mandewa, kwenye chumba chetu kilekile, na barua hii naiacha wazi aisome anayetaka, maana uongo juu yako umezunguka mtaa mzima nami nilikaa kimya. Nilipanga kuanza na habari za mvua. Hapana, nianze na aibu yangu.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda benki? Afisa wa uhamiaji alikuwa ametuambia, kwa upole kabisa, kwamba ombi lako la kibali cha ukaazi litapata nguvu tukionyesha cheti cha ndoa na kitu tunachomiliki wote wawili. Kiwanja hatuna. Nikasema basi, tufungue akaunti ya pamoja. Ukavaa lile gauni la njano ulilolishona mwenyewe, na mlangoni ukamwamkia mlinzi shikamoo, kijana mdogo yule! "Marahaba," akajibu, huku anatafuta pa kuficha uso. Nilicheka mpaka dirishani. Nilikufundisha shikamoo nikasahau kukuambia kwamba haiendi kwa kila mtu.

Fomu ilikuwa ya Kiswahili na Kiingereza. Wewe shule ulisoma kwa Kireno, na Kiswahili chako wakati ule kilikuwa cha sokoni na jikoni. Kwa hiyo nikakusomea mimi, swali baada ya swali, nawe unaitikia. Tukafika pale wanapouliza hela zitolewe vipi: kwa saini ya mmoja wenu yeyote, au kwa saini zenu wote wawili.

Jana yake dada yangu alikuwa ameniita pembeni. "Huyo mwanamke wa kuja. Siku akivuka mpaka na hela zako utamkamata wapi?" Nilimjibu kwa ukali, nikajiona mwanaume kweli. Kumbe maneno yake nilikuja nayo benki. Nikatia alama kwenye kisanduku cha saini mbili.

Ukaniuliza, "Hapa wanasema nini?"

"Mmoja wetu yeyote anaweza kutoa."

"Hata mimi peke yangu?"

"Hata wewe."

Ukasaini huku unatabasamu. Jamani, mtu anawezaje kumdanganya mtu anayetabasamu hivyo? Mimi niliweza.

Kibali kikatoka. Kila uliposhona sare za shule, hela ukazipeleka mle, ukirudi unanionyesha risiti. Nilikuwa na siku nyingi za kusema kweli. Kila siku nikajiambia kesho.

Ndipo ikaja simu kwamba mama yako amezidiwa. Mimi nilikuwa Ikungi, nimepeleka alizeti kukamuliwa. Ukaenda benki kutoa nauli. Niliona jina lako kwenye simu, nikajua umesimama wapi na umeambiwa nini. Nikaiacha iite. Mara ya pili nikaiacha. Mara ya tatu niliitia mfukoni nikaenda kubeba magunia ambayo hata hayakuwa yangu.

Niliporudi nyumbani cherehani haikuwepo. Ulikuwa umeiuza upate nauli. Sakafuni palibaki vipande vya nyuzi, na kwenye simu ujumbe wako: "Mume wangu, dada wa dirishani kasema saini mbili. Mimi nilikuuliza mara mbili." Hukunitukana. Afadhali ungenitukana. Ulifika Nampula mama ameshazikwa, yule mama aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza nilipopeleka biashara yangu huko.

Hapa mtaani wakasema umekimbia na hela za akaunti. Dada yangu akasema, "Si nilikuambia?" Nikainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi ya mtu aliyeibiwa, nami nikawaacha wadhani hivyo. Hilo linaniuma kuliko yote. Basi leo wasikie: hukuchukua hata senti moja. Hela zote zipo, na nyingi ni zako. Dada nimeshamwambia kwa mdomo wangu, mbele ya majirani. Aliendelea kupepeta uwele.

Juzi nilikwenda benki kubadilisha, iwe saini ya mmoja. Nilimkuta dada yuleyule wa dirishani. Akaniangalia akasema, "Kubadilisha hiyo, kaka, lazima msaini wote wawili." Mchimba kisima ameingia mwenyewe. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na yule mlinzi akaniuliza, "Mama wa shikamoo hajambo?"

Fomu mpya iko humu pamoja na barua. Upande wangu nimesaini. Pa kuchagua nimepaacha patupu: kuna saini ya mmoja, kuna saini za wote wawili, na chini kabisa kuna kufunga akaunti. Chagua utakacho. Ukitaka kurudi, nitakuja kukupokea mpakani Mtwara. Usipotaka, sina neno la kukulaumu. Nakupenda, na neno hilo najua sasa halina thamani kubwa likitoka kwangu.

Ila usisaini kwa kuniamini mimi. Tafuta mtu anayekijua Kiswahili vizuri, akusomee fomu yote, mstari kwa mstari. Akimaliza, muulize mara ya pili.

Ni mimi mumeo,
wa Mandewa, Singida